Barua kwa Dada Rehema kuhusu Kabati la Mninga

Iringa

Mpendwa Dada Rehema,

Barua yako nimeipata pamoja na picha za kabati la vyombo alilotuachia marehemu mama, nami nimefurahi kusikia kwamba wewe na watoto mko salama huko Uyole, Mbeya. Unaniuliza kama ulipake rangi nyeupe au umuuzie yule fundi wa Mwanjelwa anayelitaka kwa bei ya mbao chakavu. Nakusihi usifanye lolote kati ya hayo kabla hujalikagua kwa ndani na kwa nyuma.

Chomoa droo moja, uigeuze chini juu, kisha utazame sehemu ambayo haijawahi kupakwa vanishi. Ukikuta mbao ya kahawia yenye wekundu na michirizi iliyokolea, yaelekea huo ni mninga, mti ambao ukikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu. Mninga uliokauka haujikunji ovyo masika yakiingia na kutoka, na kiini chake mchwa hawakiwezi kwa urahisi. Vitundu ulivyoviona ubavuni visikukatishe tamaa, kwa sababu wadudu hupenda zaidi ule ukanda mweupe wa nje ya mti, ambao seremala aliuacha pengine ili apate upana. Tandika gazeti chini ya kabati, uligonge taratibu; ukiona unga mpya unadondoka, wadudu bado wamo, na dawa ya mbao itangulie kazi nyingine zote. Ukiliuza, kabati jipya kwa fedha uliyoitaja litakuwa la paini, labda ya hapa kwetu Sao Hill. Paini ina kazi zake nyingi na siidharau, ila iliyovunwa changa ni laini, na isipokaushwa vizuri milango hugoma kufunga.

Usianze na msasa. Weusi unaouona kwenye picha huenda ni moshi wa kuni na mafuta ya mikono ya miaka mingi, na huo huondoka kwa maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na kitambaa kilichokamuliwa sana. Likishakauka, chovya pamba katika spiriti uibonyeze mahali pasipoonekana: vanishi ikilainika na kunata kwenye pamba, basi ni shelaki, nayo unaweza kuihuisha kwa kupaka nyingine nyembamba juu yake bila kukwangua chochote. Isipolainika, jaribu tina ya kuyeyushia rangi. Ni pale tu ambapo vanishi imebanduka magamba ndipo utahitaji msasa, namba 120, kisha 180, umalizie na 220, ukifuata nyuzi za mbao wakati wote. Ile rangi ya kijani iliyopakwa juu ya kabati naiogopa, kwani rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi. Isugue ikiwa imeloweshwa, ufunike pua na mdomo, na watoto wakae mbali.

Mafuta ya alizeti ya kupikia, hata kama jirani anayasifu, hayakauki vizuri juu ya mbao na hunasa vumbi. Ukitumia mafuta ya kitani, vitambaa ulivyopakia uvitandaze nje vikauke, kwa maana vikirundikwa hupata joto vyenyewe na huweza kuwaka moto. Na kwa kuwa Mbeya iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai baridi yake unaijua, paka vanishi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana ili ipate kushika kabla ya jioni.

Kuhusu wazo lako la kuligeuza kabati liwe meza ya televisheni, naliunga mkono kabisa. Sehemu ya juu yenye vioo inaonekana imekalishwa tu juu ya ile ya chini. Ikitolewa, itafaa kuwa rafu ya vitabu ya watoto, mradi ifungwe imara ukutani. Tundu la nyaya litobolewe kwenye plaiwudi ya mgongoni, kamwe si kwenye mninga. Nitumie vipimo vya sehemu zote mbili kabla fundi hajashika msumeno, na zile bawaba za shaba zifunguliwe, ziwekwe kwenye mfuko mmoja pamoja na skrubu zake, hata kama zimepoteza mng'ao.

Ni mimi ndugu yako,
Tumaini