Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mbolea ya Ruzuku

Ndugu wanachama,

Nawashukuru mliofika hapa Nairobi na mliotuma udhuru. Hesabu za chama atazisoma mweka hazina, na kwa kuwa hazina utata sitazigusa. Taarifa yangu inahusu jambo moja lililotuchosha mwaka mzima, yaani mbolea ya ruzuku kwa mashamba yetu ya Trans Nzoia.

Mtakumbuka kwamba Septemba 2022 serikali iliteremsha bei ya mfuko wa kilo 50 hadi shilingi 3,500, na Agosti 2023 ikaishusha tena hadi 2,500. Mkulima hapewi hela mkononi. Nafuu yake imo katika bei, na ili aipate ni lazima awe amesajiliwa kwa chifu, ekari na mazao yake yakaandikwa, kisha asubiri ujumbe wa simu ndipo aende na kitambulisho chake kwenye kituo cha kuuzia mbolea hiyo.

Hapo ndipo sisi tunaoitwa wakulima wa simu, yaani tunaoishi mjini na kuendesha mashamba kwa kupiga simu, tunapokwama. Wengi wetu tulijisajili kwa majina na nambari zetu wenyewe, tukidhani mwenye shamba ndiye mkulima. Ujumbe wangu uliingia nikiwa ndani ya matatu, Barabara ya Jogoo, siku ya kazi. Nilimpigia shemeji anayelitunza shamba, akaenda kituoni alfajiri na kupanga foleni hadi saa nane mchana, na alipofika dirishani akaambiwa kitambulisho si chake, arudi na mwenyewe. Nilisafiri Ijumaa usiku. Nilipofika, mbolea ya kupandia, DAP, ilikuwa imekwisha, imebaki CAN ya kukuzia, nayo mvua imeshaanza. Nikanunua dukani kwa bei ya duka. Malalamiko mliyomletea katibu yanasimulia karibu yaleyale.

Kamati ilimwendea afisa wa kilimo, naye akatueleza kwamba kitambulisho hudaiwa ili madalali wasibebe mifuko kwa majina ya watu. Jibu hilo nalikubali, ingawa liliniuma. Madalali wapo, na si wote ni wageni: wamo kati yetu walioandikisha ekari kumi palipo na tatu, nao wanajijua.

Kuhusu ubora, mbolea bandia ya mwaka 2024 ilizua kelele hadi Bunge la Taifa, ambako hoja ya kumwondoa waziri wa kilimo ilichunguzwa na kamati maalumu ikakosa mashiko. Kwetu sisi, tahadhari ni kuhifadhi risiti pamoja na mfuko mtupu hadi mavuno.

Kamati inapendekeza kwamba kabla ya msimu wa kupanda kila mwanachama afike kwa chifu wa eneo la shamba, aombe usajili uwe kwa jina na simu ya yule anayelima kila siku, awe mke, ndugu au aliyekodi. Najua wapo wanaohofia kwamba jina la ndugu likiingia katika daftari hilo, kesho atadai shamba. Usajili wa mbolea si hatimiliki, wala hauhamishi hata shubiri moja ya ardhi. Mwenye wasiwasi na aandikiane na ndugu yake mbele ya mashahidi, kisha amwachie usajili.

Karatasi ya kuandika jina la mlimaji wa kila shamba iko kwa katibu, pale mlangoni. Tafadhali ijazeni kabla ya chakula.