Elfu moja ya kutazama mlango uliofungwa

Mhariri,

Nimesoma ripoti yenu ya Jumanne kuhusu madalali wa nyumba hapa Malindi, na siku tatu nimejizuia nisishike kalamu. Mara ya mwisho kukuandikia nilikuwa bado nafundisha darasa la sita. Tangu nistaafu nimejifunza kunyamaza. Lakini nilipofika pale mlipoandika kwamba dalali anampunguzia mpangaji usumbufu, chai ilinipalia. Mmetupaka wapangaji mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mwaka jana nyumba niliyokaa Maweni miaka kumi na minne iliuzwa, nikapewa mwezi mmoja nihame. Mguu wangu hauniruhusu tena kuzunguka, basi nikampigia kijana mmoja ambaye namba yake imebandikwa kila kona. Hakuniuliza nataka vyumba vingapi. Alichotaka kwanza ni elfu moja ya kuonyeshwa nyumba, itumwe kwa simu kabla hajavaa viatu. Nikatuma.

Nyumba ya kwanza, upande wa Muyeye, tulimkuta mama anakaanga viazi karai. Nyumba ya watu kabisa, Mhariri: sare za shule zimeanikwa, mtoto yuko sakafuni anafanya hesabu, sufuria za jana hazijaoshwa. Yule mama hata hakushtuka. Aligeuza viazi vyake akaniambia, "Mimi sihami, dada. Wewe ni wa tatu tangu Jumatatu." Niliona haya kama mtu aliyeingia chumba cha wenyewe bila hodi, na kweli ndivyo nilivyofanya. Dalali yeye alikuwa nje, simu sikioni. Nyumba ya pili ilikuwa tupu, ila shimo la choo liko chini ya dirisha la kulala na kifuniko kimevunjika, sisemi zaidi. Ya tatu tulitazama mlango. Ufunguo alikuwa nao mlinzi, na mlinzi alikuwa kwao Kaloleni matangani. Hapo elfu moja yangu ikawa imekwisha, kwani kumbe elfu moja ni ya nyumba tatu, ya nne unatuma tena. Nikaomba risiti. Akachomoa biro, akaandika 1,000 kwenye kiganja chake cha kushoto, akanionyesha. "Nishakuandika, mama."

Nyumba nilikuja kuipata kwa kuambiwa na muuza samaki wangu. Nikadhani nimeokoka. Siku ya kuchukua ufunguo akatokea dalali mwingine, nadhifu kidogo kuliko yule wa kwanza, akaniwekea hesabu mezani: kodi ya mwezi wa kwanza 12,000, dipoziti 12,000, ada ya wakala 12,000, dipoziti ya maji 2,000, mkataba 1,500. Ongeza elfu moja ya kutazama mlango, nimetoa Sh40,500 ili nilale kwenye nyumba ya 12,000. Nikamuuliza wakala hii elfu kumi na mbili yake ni ya kazi gani, maana hakunitafutia nyumba, hakunionyesha, wala hakuwa ananijua. Akasema ndio utaratibu. Utaratibu wa nani? Kazi amepewa na mwenye nyumba, ufunguo amepewa na mwenye nyumba, kodi atampelekea mwenye nyumba, lakini mshahara wake anakuja kuuchukua kwangu! Ningempeleka fundi kwangu kuziba paa, kisha nimwambie aende akalipwe na jirani, si ningeitwa mwizi?

Na msiniambie sheria hakuna. Sheria ya mawakala wa nyumba, Sura ya 533, inataka afanyaye kazi hii awe amesajiliwa na bodi, na asiyesajiliwa ana hatia. Ile ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, inakataza kumdai mpangaji kilemba, yaani pesa ya kupewa nyumba, juu ya kodi, na ina baraza lake la kusikiliza malalamiko. Ila inamlinda mpangaji wa nyumba isiyozidi Sh2,500 kwa mwezi. Nitafutieni vyumba viwili na choo ndani kwa bei hiyo hapa Malindi, na dalali nitamlipa mara mbili.

Mpwa wangu yuko Leicester. Ananiambia kule England, tangu tarehe 1 Juni 2019, wakala haruhusiwi kumtoza mpangaji pesa ya kutazama nyumba wala ya kuandika mkataba, na dipoziti ya nyumba za kawaida haizidi kodi ya wiki tano. Wakala analipwa na aliyemtuma. Nilipomsimulia habari ya kiganja alicheka mpaka simu ikakatika.

Tukiwa hapo hapo, nani aliwapa madalali ruhusa ya kupigilia misumari kwenye miarobaini? Karibu na kwangu upo mmoja ambao wenye tuktuk wanapumzikia kivulini. Nimeuhesabu, maana ualimu haumtoki mtu: vibao saba vya nyumba za kukodi, misumari ishirini na mitatu, na utomvu unachuruzika kama jeraha. Vibao viwili ni vya nyumba zilizopata watu tangu Ramadhani.

Dawa ninayo. Kila dalali avae koti la njano lenye namba yake ya usajili mgongoni, kubwa, isomeke ukiwa upande wa pili wa barabara. Asiye na namba tutamjua. Pesa ya kuonyeshwa ilipwe baada ya ufunguo kuzunguka kwenye kitasa, mpangaji akiwa ndani na mtu mwingine akiwa hayumo. Yule mama wa viazi naye aweke mkebe mlangoni, kila anayeletwa kumtazama atumbukize mia mbili. Na vile vibao, aliyepigilia aje aving'oe mwenyewe, kwa meno.

Mkataba wangu wa Sh1,500 ninao, ukitaka kuuchapisha. Ni karatasi moja. Jina la mpangaji aliyetangulia limepakwa wino mweupe na langu likaandikwa juu yake, lakini ukiinua karatasi juani linasomeka vizuri, hata tarehe aliyohama.

Mwalimu mstaafu,
Malindi