Taarifa ya Mwenyekiti: Mwaka Tuliolifuta Neno "Vita"

Ndugu Makamu Mwenyekiti, Ndugu Katibu, Ndugu Mhazini, ndugu wanachama,

Nawashukuru kwa kufika, hasa mliotoka Tukuyu na Chunya na mvua hizi. Ndaga fijo. Hesabu atazisoma Mhazini. Mimi naongeza tu kwamba jenereta imetengenezwa mara mbili na wengi wenu bado hamjalipa ada.

Mwaka huu tumeonyesha filamu za kilimo na za afya, na watu wamezipenda. Muda wangu wote uliobaki nauweka kwenye filamu moja: ile filamu ya makala kuhusu mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994, na jinsi mataifa yalivyotazama bila kunyoosha mkono. Tuliionyesha Mbalizi, Uyole, Tukuyu, na mwisho hapa mjini Mbeya. Kila mara mtafsiri wetu alisimama kando ya skrini na kipaza sauti, kwa sababu filamu yenyewe ni ya Kiingereza na Kifaransa.

Naanza na kosa, nalo ni langu. Tafsiri niliipitia mimi kabla ya Mbalizi. Mahali pengi iliandikwa "vita vya kikabila", nami nikaipitisha bila kusita. Aprili 1994 nilikuwa nafundisha shule ya msingi huko Rungwe. Jioni tulikusanyika kwenye redio ya mwalimu mkuu, na hivyo ndivyo nilivyoelewa: majirani zetu wanapigana, wakichoka wataacha. Nimekaa na neno hilo miaka yote hii.

Filamu ilipokwisha Mbalizi, mzee mmoja aliyekuwa dereva wa malori akaomba kusema. Mwaka ule alipeleka mahindi Ngara. "Mwalimu," aliniambia mbele ya watu wote, "vita ni pande mbili zenye silaha. Niliowaona mimi mtoni walikuwa wamefungwa mikono." Alikuwa amesimama Rusumo, mpakani na Rwanda, mto Kagera ukishusha miili kuelekea Ziwa Victoria. Ukumbi ulikaa kimya mpaka nikasikia jenereta nje.

Nilirudi nyumbani nikaitazama upya, kalamu mkononi. Nilichokuwa nakitafuta ni hiki: je, wakubwa nao walikosea kama nilivyokosea mimi, kwa kutojua? Hapana. Tarehe 11 Januari 1994, Jenerali Roméo Dallaire wa Kanada, kamanda wa kikosi cha Umoja wa Mataifa pale Kigali, aliandika New York kwamba kuna silaha zimefichwa na kwamba Watutsi wanaorodheshwa. Alikusudia kwenda kuzikamata silaha hizo. Akakatazwa. Miezi mitatu ilikuwa bado imebaki kabla ya mauaji kuanza.

Tarehe 6 Aprili ndege ya Rais Habyarimana wa Rwanda ilidunguliwa Kigali, ikitoka kwenye mkutano wa marais hapa kwetu Dar es Salaam. Rais Ntaryamira wa Burundi alikuwamo. Kesho yake askari 10 wa Ubelgiji, wa kikosi kilekile cha Umoja wa Mataifa, waliuawa, na serikali yao ikaamua kuwarudisha nyumbani wenzao. Na hapa, ndugu wanachama, ndipo mtafsiri wetu hukwama sauti kila mara. Kwenye shule ya ufundi ya Kicukiro watu wapatao 2,000 walikuwa wamekimbilia kwa askari wa Ubelgiji, wakilala uwanjani chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Tarehe 11 Aprili askari walipanda magari. Watu waliyashika magari, wengine wakawasihi wapigwe risasi na askari hao kuliko kuachiwa mapanga. Magari yaliondoka. Wauaji walikuwa wanasubiri nje ya geti, na walio wengi katika wale hawakuiona siku ya pili. Siku hizohizo ndege za Ulaya zilikuwa zikitua Kigali na askari wenye silaha kamili, kuchukua raia wao.

Tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama likapitisha azimio namba 912: kikosi kipunguzwe hadi watu 270. Azimio hilo linazungumzia kusimamisha mapigano, kana kwamba kulikuwa na wawili wa kuamuliwa. Neno kimbari halimo. Na Rwanda yenyewe, serikali ileile iliyoendesha mauaji, ilikuwa na kiti katika Baraza mwaka huo.

Huko Marekani wasemaji wa serikali walielekezwa waseme "vitendo vya mauaji ya kimbari", wasitamke "mauaji ya kimbari" yenyewe, kwa hofu kwamba mkataba wa 1948 wa kuzuia mauaji ya kimbari ungewadai kuchukua hatua. Mtafsiri aliniuliza tofauti yake nini. Nilimwambia atafsiri vilevile, watu wasikie wenyewe. Tukuyu waliguna ukumbi mzima.

Waliokataa kuondoka walikuwepo pia. Waghana walibaki na Dallaire. Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal, bila silaha, aliwapitisha watu vizuizini kwenye gari lake hadi alipouawa tarehe 31 Mei. Vijana wa Uyole waliuliza habari zake kuliko za mtu mwingine yeyote. Kwa siku 100 waliuawa watu zaidi ya 800,000. Rwanda inahesabu zaidi ya milioni moja, Watutsi na Wahutu waliokataa kushiriki.

Baadhi yenu mlileta malalamiko kwamba filamu hii inapanda chuki katika nchi yenye amani. Nimeyasikiliza kwa heshima, na sikubaliani nayo. Lalamiko la watoto kukaa mbele pale Uyole ni la haki. Kamati ilizembea, na sasa watoto hawataingia.

Yule mzee alikuja tena onyesho la mjini. Alisema jambo ambalo filamu haikuligusa: kwamba kati ya waliovuka Rusumo mwishoni mwa Aprili, watu robo milioni kwa muda wa siku moja, walikuwamo pia waliotoka kuua, na mahindi ya nyanda zetu walikula wote kwenye kambi ya wakimbizi ya Benaco. Hajui aliyemkabidhi gunia alikuwa nani. Wachache walikuja kuhukumiwa Arusha, kwenye mahakama ya Umoja wa Mataifa ya kesi za Rwanda. Akayesu, meya wa Taba, mwaka 1998, ndiye wa kwanza duniani kutiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa kosa hili.

Onyesho lijalo ni tarehe 7 Aprili, siku ya kumbukumbu. Mzee amekubali kuzungumza kabla ya filamu. Tafsiri iliyosahihishwa ipo kwa Katibu, na neno "vita" limebaki tu pale panapotajwa majeshi mawili, la serikali na la waasi wa RPF, yakipigana. Yeyote anayebeba projekta achukue nakala hiyo. Zile za zamani, zilizo na sahihi yangu, naomba mnirudishie leo kabla hatujatoka.