Barua kwa mwanangu: kilomita hazikupi saa

Mwanangu mpenzi,

Hesabu yako nimeipata. London hadi New York kilomita 5,540, ndege inakwenda kilomita 900 kwa saa, basi safari ni saa 6 na dakika 9. Kugawanya umegawanya vizuri. Ila tiketi itakuandikia karibu saa 8 za kwenda na karibu 7 za kurudi, nami sitaki uone umeibiwa.

Kilomita hizo 5,540 ni za uzi uliovutwa juu ya tufe, kutoka uwanja hadi uwanja. Kwenye ramani ya karatasi uzi huo hupinda kuelekea kaskazini ukadhani rubani anazunguka, kumbe ndiyo njia fupi kuliko zote.

Mchawi ni upepo. Huko juu, kama kilomita 10 kutoka ardhini, kuna mkondo wa upepo unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na siku nyingine hupita kilomita 200 kwa saa. Tarehe 9 Februari 2020, wakati wa dhoruba Ciara, ndege ya British Airways aina ya Boeing 747 ilitoka New York ikafika London kwa saa 4 na dakika 56. Ukigawanya kama ulivyozoea, utasema imeipita kasi ya sauti ya huko juu. Wapi! Ndani ya hewa ilikwenda mwendo wake wa kawaida. Hewa yenyewe ndiyo iliyokuwa mbioni. Anayekwenda magharibi hukutana na upepo huohuo usoni, kwa hiyo mara nyingi rubani huacha njia fupi na kuukwepa. Kilomita zinaongezeka, dakika zinapungua. Hapo ndipo hesabu yako inapokwama.

Na siasa nazo zimo. Helsinki hadi Tokyo zilikuwa saa 9 na ushei kupitia juu ya Siberia. Mwaka 2022 Urusi ilipoyafungia anga mashirika ya Umoja wa Ulaya, zikawa kama 13. Viwanja havikuhama hata hatua moja.

Halafu saa za kwenye tiketi huanza ndege inapoondoka pale ilipoegeshwa, si inapoacha ardhi, na huisha inapoegeshwa tena. Usitoe saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika, maana kila moja ni ya mji wake: ukiondoka Tokyo usiku unafika Honolulu asubuhi ya tarehe ileile! Tazama palipoandikwa muda wa safari, basi.

Kilomita usizitupe, lakini. Zitakuonyesha kama kituo cha kubadilishia ndege kiko njiani au unapelekwa kinyume kwa sababu nauli imeshuka.

Ukishakata tiketi nitumie saa ya kufika, kwa saa za huko huko. Kugeuza nitageuza mwenyewe.

Baba yako