Barua ya malalamiko: tiki yenu ya bluu na mazungumzo yaliyofutika

Morogoro,
14 Julai 2025

Mkuu wa Huduma kwa Wateja,

YAH: AKAUNTI YENYE TIKI YA BLUU ILIYONITAPELI, NA USHAHIDI ULIOFUTIKA KWENYE PROGRAMU YENU

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni muuza vitenge hapa Soko la Chifu Kingalu, na mteja wenu wa kulipia tangu Februari. Nimepigwa Sh. 1,340,000 na mtu niliyekutana naye kwenye programu yenu ya wachumba. Hela hizo siwadai ninyi; namba ya siri niliibonyeza kwa kidole changu mwenyewe. Nawadai maelezo.

Kifurushi cha Sh. 18,000 kwa mwezi nilikilipia kwa sababu moja tu: mlitangaza kwamba kitanionyesha watu mliowathibitisha. Huyu bwana alikuwa na tiki. Injinia wa meli, mfiwa na mke, raia wa Norway, yuko baharini miezi sita. Nikimwomba tuonane kwa video, kampuni yake imekataza kamera melini. Baada ya miezi miwili ya Kiingereza akaanza kuniandikia Kiswahili, anasema amejifunza kwa ajili yangu. Siku moja nikiwa nafunga duka akaniandikia "pole na majukumu." Nilifurahi mpaka nikamsomea jirani. Leo najiuliza ni Mnorway gani huyo anayekupa pole na majukumu.

Mwezi Mei akasema ametuma zawadi, akaniomba namba ya simu ya kupokelea mzigo. Siku nne baadaye akapiga dada mmoja, sauti ya ofisini kabisa, mzigo uko uwanja wa ndege Dar es Salaam, ushuru ni Sh. 380,000. Nikatuma. Kesho yake akarudi: mzigo umepitishwa kwenye mashine, ndani zimeonekana dola, faini Sh. 960,000. Nikatuma tena. Jina la mpokeaji lilitokea kwenye simu, jina la mtu na ukoo wake, nami nikaendelea. Mara ya tatu walitaka milioni moja na nusu. Salio halikutosha, nikaenda kwa wakala wa mlango wa pili kuweka hela. Kijana akaniuliza, "Mama, TRA, hawa watu wa kodi na ushuru, wameanza lini kupokea kwa jina la mtu? Kontroo namba, ile ya malipo ya serikali, iko wapi?" Nikakaa chini kwenye kigoda chake.

Sasa nakuja kwenu.

Usiku ule ule nilimwandikia yule bwana kwamba nimeshajua. Saa tano na dakika arobaini akaniondoa kwenye orodha yake, na mazungumzo yote yakatoweka kwenye simu yangu pia. Machi, Aprili, Mei, hakuna hata mstari. Asubuhi nikaripoti kwenu. Mlijibu baada ya siku sita, jibu la mashine, mkinitaka niambatishe mazungumzo kama ushahidi. Yale yale ambayo programu yenu imempa yeye uwezo wa kuyafuta kwenye simu yangu mimi!

Tena kuna hili, ndilo linaloniuma kuliko hela. Wiki ya kwanza tu aliniomba tuhamie WhatsApp. Nilikataa, kwa sababu onyo lenu linasema usitoke nje ya programu, ni kwa usalama wako. Nilitii. Ningehama, leo ningekuwa na kila neno lake na namba yake. Ninazo skrinishoti tatu tu, na moja ni ya picha ya boksi lenye utepe.

Mtoto wa dada yangu aliichukua picha ya huyo "injinia" akaitafuta Google. Kazi ya dakika mbili: ni ya daktari wa meno wa Brazil, ambaye ameandika mwenyewe kwenye ukurasa wake kwamba picha zake zinaibiwa. Ninyi mlithibitisha nini hasa? Sura? Namba ya simu? Au tiki inauzwa kama kifurushi changu? Na juzi, tarehe 12, dada yangu ameiona picha ile ile kwenye simu yake, jina jipya, tiki ipo.

Kwa upande wangu nimeripoti polisi na RB, namba ya taarifa yangu kituoni, ninayo. Namba mbili zilizopokea hela nimezituma TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia namba 15040. Ninachoomba kwenu ni haya. Kwanza, msifute chochote cha akaunti ile, na polisi wakiandika barua wapewe. Mazungumzo yangu nayataka mwenyewe; Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inanipa haki ya kuzifikia taarifa zangu mnazozitunza. Pili, mteja akiondolewa na mtu, nakala ya mazungumzo ibaki kwake. Tatu, andikeni kwa Kiswahili, pale pale penye tiki, kwamba tiki inathibitisha nini na haithibitishi nini. Onyo lenu la mizigo na ushuru nimelikuta baadaye, kwa Kiingereza, chini kabisa ya mipangilio, mahali ambapo hata mtoto wa dada yangu alipatafuta.

Na Sh. 90,000 za vifurushi vya miezi mitano nirudishiwe. Hizo nawadai.

Nasubiri jibu ndani ya siku 14, liandikwe na mtu, na lisainiwe. Likikosekana, nitapeleka barua hii Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi pamoja na jibu lenu la mashine.

Wenu,
Mteja wa kifurushi cha mwezi

Viambatisho: skrinishoti tatu, ujumbe wa miamala miwili, nakala ya RB, jibu lenu.