Mama yangu alikunywa dawa moja kwa majina matatu

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma mwaka wa kumi na tano huu na sijawahi kuwaandikia hata mstari, lakini ile habari yenu ya wiki juzi ya dawa za maumivu imenikaa kooni. Mmesema watu wanakunywa vidonge ovyo bila kupima, sawa, hilo kweli. Ila lawama zote mmembebesha mnywaji, hasomi, hasikii. Sasa asome nini? Jina la biashara limejaa boksi zima, jina la dawa yenyewe limebanwa pembeni kwa Kiingereza, herufi kama mayai ya chawa.

Nawaambia yaliyotukuta masika yaliyopita. Mama yangu ana miaka 67, anakaa Muheza, ana presha na magoti yanamsumbua. Kwa ajili ya magoti jirani alimwonyesha dawa moja yenye jina kubwa, mtaani kila mtu anaijua, ikawa anameza kimoja asubuhi kimoja usiku, mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, na mimi mwanaye ndo nilikuwa namtumia hela ya kununulia. Yakaja mafua, akaenda duka la dawa akapewa ya mafua, kimoja mara tatu. Kichwa bado kinamgonga, mdogo wangu akamletea zile za kichwa zinazotangazwa redioni, viwili mara tatu. Siku ya nne napigiwa simu alfajiri, mama katapika kitu cheusi kama machicha ya kahawa. Hospitali daktari akaniuliza mama anatumia dawa gani, nikamtajia majina matatu, kwa kujiamini kabisa. Akasema kalete maboksi. Akayageuza, akatoa peni, akapiga mstari chini ya neno moja kwenye maboksi yote matatu, parasetamo. Miligramu 500 hili, 500 hili, 500 na hili. Pigeni hesabu wenyewe: viwili vya magoti, vitatu vya mafua, sita vya kichwa, hivyo ni vidonge kumi na moja kwa siku, wakati mtu mzima mwisho wake vinane, yaani gramu 4 ndani ya saa 24, zikizidi hapo ini liko hatarini na linaweza kuharibika siku nzima au mbili wewe hujaona dalili yoyote ya maana. Na ile ya magoti ilikuwa imechanganywa na diklofenaki, dawa nyingine ya maumivu, daktari akasema hiyo ndo iliyomchimba vidonda tumboni miezi yote ile, na hiyo hiyo inapandisha presha na kutesa figo, mtu wa presha hatakiwi kujinywea tu bila daktari kujua. Kwa hiyo mama alikuwa anameza kidonge cha kushusha presha asubuhi na juu yake anameza cha kuipandisha, kwa hela yangu. Alilazwa siku tisa akaongezewa damu. Ini lilipimwa likakutwa salama, alhamdulillah. Lakini Mhariri, mama yangu amesoma, anasoma Kurani na anasoma gazeti lenu hili hili, mngemwandikia kwa lugha yake kwa herufi zinazoonekana angesoma.

Halafu bei. Zile za kichwa mdogo wangu alinunua elfu mbili vidonge kumi, na duka hilo hilo kulikuwa na parasetamo ya kawaida ya mia tano, miligramu zile zile, imesajiliwa na mamlaka ya dawa, TMDA, kama mwenzake. Muuzaji hakumwambia. Na hizi zenye neno Extra nyingi kilichoongezwa ni kafeini, miligramu 65 kwenye kidonge, kikombe cha kahawa cha kawaida kinakupa hiyo na zaidi. Wenzetu Australia walilifikisha mahakamani. Kampuni ya dawa za maumivu za Nurofen ilikuwa inauza boksi la mgongo, boksi la maumivu ya hedhi, boksi la kipandauso na boksi la kichwa, bei karibu mara mbili ya ile ya kawaida, na ndani yote yana kidonge kile kile cha ibuprofeni. Desemba 2015 mahakama ikasema huko ni kupotosha wanunuzi, na mwaka uliofuata faini ikapandishwa kutoka dola milioni 1.7 za kwao mpaka milioni 6. Kwetu mtu akiuziwa hivyo anaenda wapi?

Msisahau mwaka 2019, homa ya dengi ilipotushika huku Tanga na Dar. Tukaambiwa homa ikipanda kunywa parasetamo tu, msiguse aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki, zinaongeza hatari ya kutoka damu. Ushauri mzuri kabisa. Lakini huku kwetu kila kidonge cha kichwa kinaitwa panadoli, na zipo dawa za kichwa maarufu zenye aspirini na parasetamo humo humo. Mtu anafika dukani anasema nipe panadoli, anapewa iliyopo.

Na hapo bado sijasema maduka ya bidhaa, ya sukari na mafuta ya taa, yanauza dawa kwa mkasi. Unataka viwili wanakukatia viwili, jina linabaki kwenye kipande kingine, tarehe ya kuisha inabaki kwenye kipande kingine, wewe unaondoka na vidonge visivyo na kabila wala umri. Bodaboda wa kijiweni kwetu wanameza kila asubuhi kabla ya kuwasha pikipiki, wanaita dawa ya uchovu. Na matangazo ya redio ndo yanawafundisha, tangazo zima mtu anacheka amepona, kuhusu tumbo na ini hawasemi neno.

Ninachotaka mimi ni kitu kidogo. Jina la dawa yenyewe liandikwe kwa Kiswahili mbele ya boksi, parasetamo, diklofenaki, aspirini, herufi zisipungue urefu wa punje ya mchele, na lirudiwe nyuma ya kila kidonge ili mkasi usilipate. Chini yake namba moja tu, mwisho vingapi kwa siku. Na muuza dawa kabla ya kupokea hela aulize swali hili, nyumbani kuna dawa gani nyingine unakunywa? Angeuliza yule wa mafua, mama asingefika pale.

Mama kwa sasa yuko kwangu hapa Chumbageni, anakula uji na magoti namkanda mwenyewe kwa maji ya moto. Maboksi matatu yapo kabatini na mistari ya peni ya daktari inaonekana. Mkitaka kuyapiga picha mtoe ukurasa wa mbele nitayaleta ofisini kwenu kwa nauli yangu.

Msomaji wenu,
Tanga