Barua ya Wazi kwa Vijana Mnaorejea Dodoma Kulima Zabibu

Wanangu na wajukuu zangu,

Nawaandikia nikiwa na uchungu, kwa kuwa msimu uliopita nilimwona kijana wa jirani yangu, aliyeacha kazi Dar es Salaam akarejea kwenye shamba la marehemu babu yake, akimwaga chini ya mwembe kreti baada ya kreti za zabibu zilizokwisha kuvuja maji, nyuki wamemzingira, na mama yake ameketi mlangoni akitazama bila kusema neno.

Hakuwa mvivu. Samadi aliweka, nguzo na waya alinunua kwa akiba yake, na salfa ya kuzuia ugonjwa wa ukungu uitwao ubwiri unga alipuliza kwa wakati. Alikosea kwenye mkasi: alipogoa, yaani alikata matawi, siku zile zile walizopogoa majirani, kabla ya kuzungumza na mnunuzi yeyote.

Mzabibu wa kwetu haulazwi na baridi kali kama wa Ulaya. Mkasi ndio unaouamsha, na ndiyo maana Dodoma tunaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Ukikata leo, tawi litadondosha maji, macho yake yanayotoa machipukizi yatavimba, na baada ya takriban miezi minne matunda yatakuwa tayari, uwe na mnunuzi au usiwe naye. Zabibu si mtama, useme utauweka ghalani hadi bei ipande. Kila ninapowaeleza haya mnanijibu kwamba soko litapatikana. Litapatikana wapi, wanangu, ikiwa kijiji kizima kimevuna wiki moja na matangi ya wasindikaji wa mvinyo yamejaa?

Sisi wazee nasi tuna lawama. Tuliwalea tukiwaambia kwamba jembe ni la aliyefeli, na tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, wengi wetu tumeuza mashamba ya ukoo yakakatwa viwanja, bila kuwauliza ninyi.

Kwa hiyo, kabla ya kuchimba shimo la kwanza, ketini na baba wadogo na shangazi zenu, mipaka itajwe mbele ya mashahidi, na mlio vijijini ombeni hati ya hakimiliki ya kimila. Kuhusu aina ya mbegu, waulizeni watafiti wa kituo cha utafiti wa zabibu cha Makutupora. Nguzo zikagueni mchwa.

Nami sitapogoa msimu huu hadi nikubaliane na mnunuzi. Siku hiyo ikifika, atakayetaka kufundishwa kushika mkasi aje shambani kwangu alfajiri, jua halijawa kali.

Ni mimi babu yenu,
Mpunguzi, Dodoma